Ushuhuda Wangu wa Kuponywa Presha

Ndugu zangu, nina aibu kubwa. Mwezi jana, kanisani hapa Lodwar, nilisimama nikashuhudia kwamba Mungu ameniponya presha na nimeacha dawa. Uongo mtupu! Nilikuwa nazimeza kila asubuhi. Nilitamani tu kupigiwa vigelegele.

Juzi jirani yangu, Mama Ekai, akalazwa. Nikakimbia kumwona, nikamkuta mkono mmoja umepooza.

“Dada, niliacha dawa ya presha kama wewe,” akasema kwa shida. “Niombee.”

Kifua kikanibana, nikashika kitanda. Nesi akaja mbio.

“Mama, uko na presha? Unatumia dawa?”

“Huyu aliponywa,” Mama Ekai akanijibia.

Nesi akaendelea kunikazia macho.

“Nimemeza asubuhi,” nikanong'ona.

Mama Ekai akasikia, akageuka akatazama ukuta.