Kuyapa Majani Kisogo

Siku shemeji yake alipofariki, ng'ombe walikuwa malisho ya bondeni na majani yalifika magotini. Mama aliporudi kazini baada ya mazishi, yalikuwa yanafika kifundo cha mguu tu.

Sasa ni saa moja asubuhi, malisho ya juu. Mama huyu, mpima malisho katika shamba la ng'ombe wa maziwa, anayapa majani kisogo, anafumba macho na kurusha fremu ya chuma juu ya bega. Ilipoangukia ndipo anapochuchumaa na kukata kwa mkasi kila jani lililomo ndani.

Atakata vivyo hivyo ndani ya vizimba vya waya, ambako ng'ombe hawafikishi mdomo. Majani yatakaushwa, yapimwe kwenye mizani. Tofauti ya huku na huku ndiyo waliyokula.

"Ng'ombe hasemi amekula kiasi gani," anasema. "Yaliyobaki ndiyo yanasema."

Kazi alifundishwa na shemeji huyo, mdogo wa mumewe. Shemeji alirusha, yeye akakata. Miaka yote hiyo hakuruhusiwa kurusha.

"Nikiishika tu, ananiambia, 'Shemeji, lete hapa. Wewe utarusha kwa huruma.' Namuuliza, 'Kwani huruma ni dhambi?' Ananijibu, 'Kwako si dhambi, ila ng'ombe atalala njaa.'"

Alidhani ni utani wa mashemeji.

Alipobaki peke yake alirusha macho wazi, na mkono ukawa unafuata palipostawi. Mizani ikaonyesha majani bado yapo tele, ng'ombe wakaachwa bondeni. Haukupita muda maziwa yakapungua, nao wakawa wanasimama langoni wakilia.

"Nilitaka wapate," anasema. "Basi jicho likawatafutia."

Msimamizi wa shamba hakumgombeza. Alimuuliza tu, "Mama, haya majani unayoyaona wewe, mbona ng'ombe hawayaoni?" Kisha akawahamishia ng'ombe malisho ya juu, akamwambia kipimo cha huko nacho kikikosea, kazi atapewa mtu mwingine.

Hataki kuiacha. Mumewe amemshauri aombe kibarua cha kukamua, akakataa. "Kukamua naweza," anasema. "Lakini hii ndiyo aliyoniachia shemeji."

Anarusha tena. Fremu inatua penye udongo mtupu, kinyesi kikavu na vijani vya kuhesabika. Hatua moja kutoka hapo pamestawi vizuri. Mkono wake unashika ukingo wa fremu, unatulia hapo kidogo, kisha unaiachia. Anakata vilivyomo.

Siku ya pili, majani yakishakauka, anapima mbele ya msimamizi.

"Yamekwisha haya," anasema mama.

"Kwa macho naona bado yapo."

"Kwa macho hata mimi nayaona, bosi."

Msimamizi anatoka, anaenda mwenyewe kutembea malishoni huku akiyapapasa majani kwa kiatu. Anarudi, anachukua funguo za lango la pili, la kuingilia malisho mengine.

Ng'ombe wanahamishwa kesho asubuhi, wakishakamuliwa.