Jinsi ya Kumshukuru Mtani

Kilichoninyima usingizi kilikuwa hiki: mtu aliyekaa mlangoni akazuia jeneza la bibi yako lisitoke, akamwita marehemu mchoyo mbele ya shehe, kisha akaondoka na chombo cha jikoni, unamwandikiaje barua ya shukrani? Unaanza na "Mpendwa"? Unaanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu"?

Kazi yenyewe nilipewa kwenye kikao cha familia, siku tuliyoanua matanga pale nyumbani Handeni. Mjomba wangu, kaka mkubwa wa Mama, alitazama huku na huku akitafuta mtu asiye na shughuli. Hakutafuta sana.

"Wewe si umesomea maneno?"

"Mawasiliano ya umma, Mjomba."

"Hayo hayo. Toa shukrani."

Ni kweli nina shahada ya mawasiliano ya umma, ingawa umma wenyewe bado haujaniita. Mjomba alikuwa anataka ule ujumbe mmoja tunaoufahamu wote, unaotumwa kwenye kundi la simu ukiwa na picha ya maua: familia inatoa shukrani za dhati kwa wote waliojitoa kwa hali na mali, na kwa kuwa si rahisi kumshukuru kila mmoja, tunaomba mpokee shukrani hizi. Mtu mwingine angeunakili akaenda zake kunywa chai. Mimi nikakwama kwenye "si rahisi". Kwa nini si rahisi? Waliotusaidia nawajua kwa sura. Mikono ninayo, karatasi zipo, muda ndio usiseme. Nikaona kutuma ujumbe ule ni kusema uongo juu ya kaburi la Bibi. Nikaamua kumwandikia kila mtu barua yake.

Tatizo ni kwamba tangu nihitimu nilikuwa sijaandika kitu kingine zaidi ya barua za kuomba kazi, na mkono ulishazoea. Jirani yetu mfugaji, ambaye siku zote za msiba alituletea maziwa bila kuombwa, nilimwandikia kwamba familia "inathamini sana mchango wako na itafurahi kuendelea kushirikiana nawe". Kesho yake asubuhi alikuja na kidumu. "Mngesema tu kama mnataka mengine," alisema. Mama mmoja wa mtaa wa pili, aliyetuazima sufuria kubwa, alikuja na barua mkononi, akaomba aonyeshwe sufuria. Aliinyanyua, akaielekeza juani, akachungulia ndani.

"Haijatoboka?"

"Hapana, mama."

"Sasa barua ya nini?"

Halafu kulikuwa na suala la "kwa namna ya pekee". Nililiandika kwa mtu wa kwanza, wa pili nikaona nikimnyima atajua, na nikaendelea hivyo mpaka kila mtu Handeni akawa wa pekee.

Barua moja tu ilibaki, ya Mtani.

Sisi ni Wazigua. Yeye ni mwanamke wa Kinyamwezi wa Korogwe, mjukuu wa watu waliokuja zamani kukata mkonge na hawakurudi kwao. Sote tulimwita Mtani, na nilikuwa mkubwa kabla sijajua kwamba ana jina lingine. Yeye na Bibi walitukanana tangu ujana wao. Bibi alimwita mpagazi, kwa sababu ya Wanyamwezi wa zamani waliobeba mizigo ya watu kwa miguu mpaka pwani. Alikuwa anasema wangeweza kubeba hata jiwe, mradi limefungwa vizuri. Mtani naye kila alipokuja kwetu alishuka kwenye basi na chupa ya maji. "Haya ni ya kunawa," alikuwa anasema. "Handeni najua mnanawa vumbi."

Siku ya mazishi alifika na chupa yake. Hakulia. Alisimama uani akatangaza, "Nimekuja kuhakikisha." Wanawake wakaangua kilio na kicheko kwa pamoja, sauti ambayo sijawahi kuisikia mahali pengine. Akaingia chumbani kwa Bibi, akatoka amejifunga kanga ya Bibi na kuvaa miwani ya Bibi, ile yenye mkono mmoja uliofungwa uzi, akaenda jikoni kupima sukari ya chai ya wafiwa jinsi Bibi alivyopima: kijiko kinajazwa, kinatazamwa, kisha nusu inarudishwa koponi. Halafu akaniona mimi, akaita. Ile ilikuwa sauti ya Bibi, yote, pamoja na ule mkwaruzo wa mwisho:

"Mume wangu weee! Mume wa bure!"

Ndivyo Bibi alivyoniita tangu nikiwa mtoto, na tangu nihitimu alikuwa analitilia mkazo lile neno "bure". Mama, ambaye tangu usiku wa msiba alikuwa amekaa kwenye mkeka bila kula wala kusema, aliinua uso akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, ndipo machozi yakamtoka vizuri.

Wakati wa kutoa jeneza, Mtani akaketi kizingitini.

"Huyu mchoyo hatoki," alisema. "Nataka mbuzi."

Wajomba walitazamana. Shehe alitazama saa. Mjomba alinong'ona na mwenzake, nikasikia wanajadili ni nani mwenye zizi la karibu, na mmoja akaanza kuvaa viatu.

"Unakwenda wapi wewe?" Mtani akamuuliza.

"Kutafuta mbuzi."

"Nani kakwambia nataka wa kulia mee? Nataka ile ya kukunia nazi. Maisha yake yote ameninyima, hata kuniazima hataki, anasema nitamharibia meno."

Ikaletwa mbuzi ya Bibi, ile ya mti mwekundu, iliyong'aa kwa kukaliwa. Mtani akaikumbatia, akasogea, jeneza likapita. Nilipogeuka nilimwona ameinamisha uso juu ya ile mbuzi, lakini kwa kuwa alikuwa amevaa miwani ya Bibi sikuona macho.

Sasa, mtu wa kawaida akishuhudia haya anaelewa kilichotokea. Mimi nilikaa mezani nikawaza. Je, nisipotaja yale maneno yake, si ataona tumechukia? Nikiyataja bila kusema tumeyaelewaje, si atabaki na wasiwasi? Mimi ningebaki na wasiwasi. Kwa hiyo nikamwandikia kumtoa wasiwasi. Naikumbuka barua yote, kwa bahati mbaya:

"Familia inakushukuru kwa dhati, na kwa namna ya pekee, kwa kuungana nasi katika kipindi kigumu. Kuhusu maneno uliyoyatamka mlangoni, familia inatambua kwamba hayakutokana na nia mbaya, na imekusamehe. Mbuzi uliyoichukua unaruhusiwa kuendelea kuitumia."

Barua nilimkabidhi kondakta wa basi la Korogwe, nikarudi nyumbani nikiwa mwepesi. Nililala vizuri siku hiyo, jambo ambalo lingenitosha kujua kwamba kuna mahali nimekosea.

Simu ilipigwa kwa Mama. Tulikuwa tunachambua mchele, akaiweka sauti ya nje.

"Nimepata barua yenu," Mtani alisema. "Nashukuru sana. Mungu awabariki."

Mama akaacha mchele. "Mtani, unaumwa?"

"Hapana, mama, mimi mzima. Na arobaini nawatakia kila la heri. Sitaweza kufika, ila nitawaombea nikiwa huku huku. Msalimie kijana. Anaandika vizuri."

Akakata. Mama aliniomba nimsomee niliyoandika. Nilikuwa na nakala, maana huwa nabaki na nakala. Nilipofika kwenye "imekusamehe" akanisimamisha.

"Umemsamehe?"

"Familia ndiyo imemsamehe."

"Alikukosea nini?"

Nilimwambia nilitaka kuwa na adabu.

"Adabu ni ya wageni," Mama alisema. "Umemwambia yeye ni mgeni. Kwa maandishi."

Aliendelea kuchambua mchele, kisha akasema, bila kunitazama, kwamba yeye kwenye arobaini hakuwa anangojea pilau wala dua peke yake. Alikuwa anangojea kumsikia mama yake mara moja nyingine. Na ile sauti haikubaki kwenye simu ya mtu yeyote. Ilibaki Korogwe, kooni mwa mwanamke mmoja, na mimi ndiye niliyemwandikia kwamba haina haja ya kuja.

Nikamfuata Mjomba kuomba ushauri.

"Nenda ukamtukane," alisema.

"Nimtukaneje?"

"Sasa hilo nalo unataka ufundishwe? Mlikuwa mnasoma nini huko?"

Basi la Korogwe nilipanda katikati ya wiki, arobaini ikiwa Jumamosi. Njia nzima nilikuwa naandika matusi kwenye simu na kuyafuta. La kwanza lilikuwa kali mno kwa mtu ninayemwamkia shikamoo. La pili lilikuwa na "tafadhali" ndani yake. La tatu niliona linaweza kueleweka vibaya, nikakumbuka kwamba tusi kazi yake ndiyo hiyo, nikalifuta hata hivyo. Tulipovuka daraja la mto Pangani sikuwa na kitu.

Alikuwa barazani kwake anakuna nazi, amekalia mbuzi ya Bibi.

"Shikamoo, Mtani."

Siku zote alikuwa ananijibu, "Marahaba ya nini, umeniletea nini?" Safari hii aliinuka, akajifuta mikono.

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Pole na safari."

Akanitolea kiti, akakipangusa. Akaenda dukani mwenyewe akarudi na soda ya baridi, akaileta na glasi, chini yake kitambaa cha kufuma. Akaniuliza habari za Handeni, habari za mvua, habari za Mama. Akanipa pole ya msiba, tena upya, kama mtu aliyesikia redioni. Sijawahi kupokewa vizuri vile maishani, na sijawahi kujisikia vibaya vile. Hata la ajira aliniuliza kwa upole, akasema Mungu atajalia. Bibi angekuwa hai angemzaba kofi.

"Usijisumbue na mimi," nilisema. "Endelea na kazi."

"Hapana, mgeni akiwepo haifai." Akaingiza kichwa ndani, chungu kilikuwa kinachemka. "Samahani kidogo, mgeni wangu." Akaingia.

Nikabaki na mbuzi. Ilikuwa wazi, karibu na mguu wangu, na kifuu kimoja kilichokunwa nusu. Nilijua naweza kuomba radhi. Nilikuwa na sentensi nzuri kabisa ya kuomba radhi, imekamilika, ina mwanzo na mwisho. Halafu nikaona kwamba radhi ingekuwa barua nyingine ileile, na kwamba yeye angeipokea kwa kitambaa cha kufuma.

Alipotokea mlangoni nilikuwa nimesimama, kifuu mkononi.

"Mpagazi wewe," nilisema. "Huku ndiko kukuna gani? Umeacha nusu ya nazi kwenye kifuu. Bibi alikunyima mbuzi kwa haki."

Mwiko mkononi mwake ulikuwa unadondosha mchuzi sakafuni. Neno "samahani" lilipanda mpaka kwenye meno, nikalimeza.

"Na ule msamaha nimeufuta. Mbuzi naichukua. Ukiitaka, ifuate Handeni Jumamosi. Njoo na maji yako ya kunawa, sisi hatuna ya kuwapa wapagazi."

Nikaikunja ile mbuzi, nikaitia kwapani, nikatoka. Kutembea polepole nilikopanga kulinishinda baada ya hatua chache. Kijiweni palikuwa na bodaboda, nikamrukia wa kwanza, mbuzi mapajani, meno yake nimeyaelekeza upande usio na mgongo wa mtu.

Nyuma yangu barazani ikapigwa kelele.

"Mwizi! Mwizi wa mbuzi!"

Vijana wote wa kijiweni wakasimama. Nilipata nafasi ya kuwaza jinsi wezi wanavyofanywa kwenye mji usiowajua, na kwamba shahada yangu haijanifundisha la kusema.

"Mbuzi yuko wapi?" mmoja akauliza, anaangalia mtaroni.

"Kamfunga wapi huyo?"

Walinitazama, wakatazama barabara, wakanitazama tena. Ndipo ule ukelele ukabadilika. Ukashuka, ukavutwa, ukaingia mkwaruzo mwishoni, ukaja juu ya mabati ya mtaa mzima:

"Mume wangu weee! Mume wa bure!"

Dereva akageuza shingo. "Kaka, bibi yako anakuita."

"Namsikia," nikasema. "Washa twende."