Kiti cha Mama, Mitunguu

Mimi ndiye msafishaji wa chumba cha kompyuta katika ofisi ya chama cha maziwa hapa Meru. Humo hakuna anayeingia na viatu. Viatu vikiwa mlangoni, Mutuma, fundi wa kompyuta, anajua kuna mtu ndani. Jumamosi moja Beverlyne wa mapokezi aliona vyangu vimechakaa, akavificha kabatini kwa sababu wageni wa chama walikuwa njiani.

Nilikuwa na haraka. Binti yangu Kaari alikuwa analetewa mahari kwa baba yake, kijijini Mitunguu, na meneja alininyima ruhusa. Nilitaka kupiga deki nikimbie, kwa sababu Nelius alikuwa huko. Huyo ndiye mwanamke ambaye mume wangu alimleta nyumbani, akanifukuza na mtoto mgongoni. Nimemlea Kaari kwa ndizi nilizouza sokoni Gakoromone. Nelius hajawahi kumpa hata kikombe cha uji, lakini kama nisingefika, yeye ndiye angekalia kiti cha mama.

Mutuma alichungulia mlangoni, hakuona viatu. Akaandika amri moja kwenye kompyuta kubwa, na prosesa zote, zile kompyuta ndogo zilizounganishwa nayo, zikazimika: za vituo vya maziwa hadi Karurumo, na ile inayofungua mlango. Nikausukuma. Haukusogea.

Niliugonga mpaka Mutuma na Beverlyne wakaja.

"Mama Kaari! Kumbe uko ndani? Na viatu?"

"Muulize Beverlyne! Nifungulie!"

"Siwezi kuwasha mlango peke yake, mama. Ile kubwa inabadilisha programu. Nikiikatiza, kazi yote inaharibika. Ni mpaka jioni."

"Basi vunja!"

Akampigia meneja. Nilimsikia meneja kwenye spika ya simu.

"Ana hewa?"

"Anayo."

"Basi atulie. Si amepata likizo aliyoitaka?" Akacheka.

Simu yangu ikalia kwenye mkoba niliouacha kwa Beverlyne. Akaipokea, akaiweka sakafuni, karibu na mwanya wa mlango. Nikalala kwenye maji ya deki, sikio chini. Alikuwa Kaari.

"Mami, uko wapi? Baba anataka Nelius akae. Nimekataa, na wageni wameanza kuinuka."

Nikamwita Mutuma. Alikuwa ameshaondoka.

"Mwache akae," nikasema.

Kaari akaanza kulia. Nikamwambia ajifute uso, wasimwone. Hakukata simu. Nikasikia kiti kikivutwa, halafu sauti ya mzee mmoja: "Haya, mama wa msichana ameketi. Tuendelee."