Elektroni Zilivyoniumbua Mahafalini

Jamani, hii nawasimulia kwa sababu wengine wenu mlikuwepo na mnaijua nusu, basi ni bora mnicheke mkiijua yote, maana mimi mwenyewe nikiikumbuka nikiwa peke yangu najifunika khanga usoni.

Nilikuwa kidato cha sita hapa Tukuyu, nachukua fizikia, kemia na baiolojia, na mama yangu kule Lupepo alishaitangazia kwaya nzima kwamba binti yake atakuwa daktari. Sasa binamu yangu aliyemaliza chuo akaniachia kitabu chake cha kemia, kinene, nikakifungua pale wanapoeleza kwamba elektroni huwezi kujua iko wapi hasa, unakisia tu, nami nikanasa hapohapo. Wenzangu wanafanya mitihani ya miaka iliyopita, mimi nakisia elektroni. Mwalimu wetu wa kemia akaniita pembeni: "Wewe, maliza kwanza ya mtihani. Hayo mengine utayakuta chuoni, hayakimbii." Nikaitikia ndiyo mwalimu, moyoni nasema huyu anataka kunidumaza (kiburi hicho, jamani!).

Ikafika mahafali, mvua ya Tukuyu kama kawaida, wazazi wamejaa ukumbini makoti yanachuruzika, na mimi nimepangiwa kuonyesha jaribio jepesi kuliko yote, kudondosha tindikali kutoka kwenye bureti, ule mrija wa kioo wenye koki, mpaka mchanganyiko ulio chini ubadilike rangi, jambo ambalo kidato cha nne wanalifanya huku wanapiga soga. Mgeni rasmi akasogea. Badala ya kufanya kazi nikaanza kuhubiri elektroni, mama akapiga vigelegele, kichwa kikazidi kuvimba, na mkono ukafungulia bureti bila mimi kutazama. Tindikali ikashuka, ikashuka, rangi wapi! Mgeni rasmi akauliza, "Inabadilika lini, daktari?" Nikamjibu (Mungu anisamehe) kwamba kisayansi hatuwezi kuwa na uhakika. Bureti ikaisha. Ndipo Tumaini, rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja, akaninong'oneza kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni: "Hujaweka yale matone yanayobadilika rangi!"

Ukumbi ulicheka mpaka mshereheshaji akaweka kipaza sauti chini. Mama peke yake hakuelewa, akasimama akaenda kumpa mgeni rasmi mkono: "Ndaga fijo, asante sana baba kwa kumsikiliza mwanangu." Nilitamani ardhi inimeze.

Yangeishia hapo ningecheka nanyi. Lakini ulipofika mtihani wa taifa wa vitendo, nilishika bureti tu nikakisikia kile kicheko, tindikali ikapitiliza kila nilipojaribu, na ile karatasi nyingine, ya nadharia, ilijaa maswali mepesi ambayo sikuwa nimeyafanyia mazoezi hata kidogo. Kemia nikafeli. Udaktari ukaenda hivyo, na kwaya hawaniulizi tena kitu.

Sasa niko nyumbani najiandaa kurudia mtihani, na nimeapa sisomi hata mstari mmoja ulio nje ya silabasi. Juzi tulikuwa tunafunika ndizi kwa majani ziive, mama akachomeka moja iliyoiva katikati, akaniuliza, "Eti mwanangu, kwa nini hii moja inaziivisha zote?"

Jibu nalijua. Nikamwambia, "Hilo haliulizwi kwenye mtihani, mama."

"Haya," akasema, akaendelea kufunika.