Bomba la Kijani

Mimi ni dereva wa chuo kikuu hapa Rajshahi, na kwa miaka sita nimempeleka Mwalimu Anisur wa kemia kijiji kilekile kupima maji. Bomba lenye sumu ya aseniki alilipaka rangi nyekundu, lililo salama akalipaka kijani. Wanawake wakaendelea kuteka kwenye jekundu. Ni mtu mwema, ila jambo lisilopimika kwenye chupa analiita porojo.

Mwaka huu chuo kikamtaka afundishe darasa moja na Bi Shefali wa elimu ya jamii, na waende kijijini pamoja. Alinuna wiki nzima.

"Dada, maji hayana mashemeji," alimwambia garini. "Yana sumu au hayana, basi."

"Sawa, kaka. Lakini wanaoyateka wanao."

Tulipofika, Anisur aliketi palepale anapoketi siku zote, kwenye benchi la kibanda cha chai, mkabala na bomba la kijani, pamoja na wazee wa kijiji. Shefali alipitiliza hadi jikoni kwa wanawake. Alirudi baada ya saa nzima.

"Haya, porojo zimesemaje?" Anisur akamtania.

"Wanaona haya kuinama kuteka maji huku wakwe zao wanawakodolea macho kutoka kwenye benchi hili. Na siku akiwepo yule bwana wa chuo, ndiyo kabisa, hata njia hii hawapiti."

Anisur aliitazama chai yake. Kisha akawaomba wazee wasimame, akashika benchi upande mmoja.

"Shika huko," akaniambia.