Kipupwe Alichokichagua Chaluai

Mama yangu, Chaluai, alizaliwa kwenye joto na akafanya kazi kwenye joto. Kwetu Ratchaburi, mji wa wafinyanzi magharibi ya Bangkok, ukitaja mitungi ya joka huna haja ya kueleza zaidi. Ni ile mikubwa ya kuwekea maji ya mvua, ya rangi ya kahawia, joka limejizungusha tumboni. Mama alikuwa mchoraji wa majoka hayo. Alichota udongo mweupe kwa dole gumba, akaukandika kwenye mtungi ungali mbichi, na kabla hujamaliza kumsalimia, joka limeshatokea na magamba yake, kucha zake na masharubu yake. Kisha analizungushia mawingu. Mgongoni kwake palikuwa na tanuri la kuchomea mitungi, na tanuri lile lilipokuwa likiwaka, hata mijusi walihama ukuta.

Baba yangu, Prayong, alikuwa dereva wa lori la kiwanda hichohicho. Baba ndiye aliyekwenda, mama ndiye aliyesubiri. Akirudi ananawa, anakaa barazani, anasimulia mpaka wali unapoa. Kila kipupwe alikuwa na jipya kutoka kaskazini.

"Jana asubuhi nimeamka nikakuta nyasi zote zimemwagiwa chumvi," alisema mwaka mmoja.

"Chumvi ya nani?" mama akauliza.

"Si chumvi, mke wangu. Umande. Umeganda, ukiushika unavunjika kama kioo."

"Prayong, uongo wako siku hizi umeota mabawa."

"Haya. Siku moja nitakupeleka ukaulambe mwenyewe."

Siku hiyo ilikuja nilipokuwa darasa la nne. Mwenye kiwanda, ambaye sote tulimwita tajiri Heng, alizima matanuri mwishoni mwa mwaka ili yajengwe upya. Palikuwa na shehena tatu za kupeleka kwanza: moja Trang, kule kusini baharini, moja Chiang Rai, juu kabisa kaskazini, na moja Phu Ruea, kwenye milima ya mkoa wa Loei. Baba, kwa kuwa ndiye dereva wa siku nyingi, aliambiwa achague ya kwake, na akaruhusiwa kupakia mke na watoto. Alirudi nyumbani akicheka peke yake.

"Chagua wewe," akamwambia mama.

"Mimi? Popote tu."

"Popote si mahali. Nikimwambia tajiri naenda Popote atanifukuza kazi."

Mama alizoea kusema popote. Popote tu, chochote tu, yeyote tu. Usiku ule sikumsikia akisema neno jingine. Lakini kesho yake nilikuwa nimekaa kiwandani namsubiri, na habari zilikuwa zimeshawafikia wachoraji wote. Kila mmoja alikuwa na safari ya kumchagulia.

"Shoga, nenda Trang," alisema Samruai, aliyekuwa akikaa kiti cha pembeni yake na mdomo usiojua mapumziko. "Ukale kaa, ule samaki, umwache mumeo ajibebee mitungi yake."

"Trang joto. Joto ninalo hapa."

"Kwani unataka baridi? Baridi ina nini cha kula?"

"Aende Chiang Rai," akasema mwingine. "Kuna soko, kuna chai, kuna masketi ya kufuma."

"Popote, ila si Phu Ruea," Samruai akaendelea. "Shemeji yangu alikwenda huko. Alirudi masikio mekundu kama pilipili, na yakakaa hivyo mpaka sikukuu ya kumwagiana maji, mwezi wa nne. Halafu huko watu hawaogi! Wanajipangusa tu, kama masufuria."

Walicheka wote. Mama hakucheka. Alikuwa ameshika dole gumba hewani, udongo umeanza kumkaukia.

"Mawingu yako wapi?" akauliza.

"Nini?"

"Katika hizo safari tatu, ni wapi mtu anayaona mawingu kwa karibu? Miaka yote hii nayachora. Sijawahi kuyaona ila kwa chini, kama kuku anavyomtazama mwewe."

Samruai akampigia kelele baba, aliyekuwa anafunga turubai uani. "Prayong! Mkeo anauliza yanakouzwa mawingu!"

Baba akajibu bila kugeuka, "Phu Ruea. Unasimama juu, yenyewe yako chini ya miguu."

"Basi ni huko," mama akasema, akarudi kwenye joka lake.

Tuliondoka alfajiri. Baba na utingo wake walikaa mbele. Mama, kaka yangu Damrong na mimi tulikaa nyuma kati ya mitungi, kwenye mabua ya mpunga mengi kiasi kwamba tulipotoka ndani yake tulionekana kama kuku wa kutaga. Damrong alikuwa mdogo wa umbo ingawa alinizidi umri. Alijitumbukiza ndani ya mtungi mmoja akaanza kuimba dua kama mtawa wa hekaluni, sauti nzito inatoka tumboni mwa joka. Kila lori liliposimama, watu wa pembeni mwa barabara walitazama huku na huku wakitafuta mtawa alipo. Karibu na Lom Sak tulipita shimo, tukasikia paa. Mtungi mmoja umepasuka.

Mama akatazama vigae. "Huyu ni joka wa Samruai," akasema. "Wangu hapasuki." Ndiyo mara ya kwanza nilipomsikia mama akijisifu.

Aliyeagiza mitungi ile alikuwa mzee mmoja mwenye kitalu cha maua, jina lake Bunthan. Alitupokea kwa lafudhi yao ya Loei inayopanda na kushuka, mimi na Damrong tukazibana vinywa kwa mikono tusicheke. Mkewe alitutandikia karibu na moto, akatuchomea juu ya makaa vidonge vya wali wa kunata vilivyopakwa yai. Baridi ilikuwa imeshaanza kuingia kwenye mikono ya mashati. Mama alikuwa amevaa sweta la kijani ambalo baba alimnunulia miaka mingi nyuma, na ambalo Ratchaburi halikuwa na kazi yoyote ila kukaa kabatini.

Alfajiri tukapanda mlima. Njia ilipita kati ya misonobari, na baba alikwenda mbele na tochi akijidai mwenyeji. Ghafla mama alisimama, akaweka mkono mdomoni.

"Prayong, nina nini? Moshi unanitoka!"

Baba alicheka mpaka akashika mti. "Pumua tena."

Akapumua. Moshi ukatoka. Akapumua tena, polepole, akiutazama unavyokwenda. Mimi na Damrong tukaanza kupuliza kama treni. Kufika juu, mwanga ulikuwa umeanza, na nyasi za pale zilikuwa nyeupe. Mama alichuchumaa. Alizigusa kwa dole gumba lake, lile la kazi, na umande ukavunjika kwa sauti ndogo, kama alivyosimuliwa. Akaweka kipande kwenye ulimi.

Kisha jua likatoka, tukayaona mawingu. Hayakuwa yamejisokota kama yale ya kwenye mitungi. Yalikuwa yamelala, meupe, yamejaza mabonde yote mpaka upeo wa macho, na vilele vya milima vimechomoza kama migongo ya nyati majini. Watu wengine waliokuwepo walikuwa wanapiga picha na kuitana. Mama alikaa juu ya jiwe. Nilimsogelea nikaona analia, lakini si kilio cha huzuni; machozi yalikuwa yanatoka tu, naye ameyaacha.

Baba alikuja akakaa karibu naye. Akaichukua mikono yake miwili, akaiingiza ndani ya viganja vyake, akaipulizia pumzi. Watu wa rika lao hawashikani mbele za watu. Sikuwahi kumwona baba akimshika mama mkono kabla ya hapo. Nilitazama pembeni, lakini si kwa muda mrefu.

"Umechagua vizuri," baba akasema.

"Mimi sikuchagua. Nimeuliza tu," mama akajibu.

Tuliporudi, mawingu ya mama yalibadilika. Aliyachora yamelala, mistari mirefu iliyotulia, na joka limeinuka kutoka ndani yake. Tajiri Heng alisimama nyuma yake akikuna sikio.

"Chaluai, mawingu haya yamelala. Ya joka husokotwa."

"Nimeyaona, tajiri. Hulala."

"Mnunuzi hajayaona. Msokotie."

Akasokota. Hakuwa mtu wa kubishana na tajiri. Lakini kila mtungi una upande wa mbele na upande unaogeukia ukuta, na upande ule wa ukutani mama alichora mawingu anavyotaka mpaka siku aliyostaafu. Sijui ziko nyumba ngapi nchini zenye mawingu ya Phu Ruea yanayotazama ukuta.

Tangu mwaka ule, safari ya kipupwe ikawa kama sikukuu yetu wenyewe. Mvua zikiisha tu, mabishano yanaanza, na kila mwaka mmoja wetu alipewa zamu ya kuchagua. Damrong alituchagulia pango lenye popo, tukatoka tunanuka wiki nzima. Mimi niliwahi kuchagua Mae Salong kwa sababu ya picha ya kalenda. Baba kila zamu yake alichagua mahali ambapo alishapita na lori, maana alitaka kutuonyesha alipokunywa supu na alipokwama matopeni. Mama ilipofika zamu yake alisema popote, baba akamchagulia.

Baba alifariki miaka michache iliyopita, katikati ya mvua. Kipupwe kilipofika hakuna aliyeuliza tunakwenda wapi. Mwaka uliofuata, vivyo hivyo. Mimi na Damrong tulikuwa tukisalimiana kwa simu, tunazungumza habari za shule za watoto na bei ya mchele, tunakata. Upepo mkavu wa kaskazini ulikuja ukapita, na nyumbani kwetu haukumkuta mtu wa kuusubiri.

Mwaka huu, siku ya kuachia vikombe vya maua vielee mtoni, Damrong alikuja kutoka Bangkok na binti yake Min, ambaye yuko chuo. Tulikuwa tumekaa barazani, mama anamenya balungi. Min alikuwa anapitisha picha kwenye simu.

"Twende Nan," Min akasema. "Kuna mkahawa uko katikati ya mashamba ya mpunga. Ona, shangazi."

"Umbali wote huo kwenda kunywa kahawa?" Damrong akamkata. "Mimi nimeshafikiria. Tumpeleke mama Phu Ruea. Tulale kule, tupande alfajiri, kama zamani."

Sote tukamtazama mama. Nakiri kwamba nilikuwa nimeshaandaa kitambaa cha kumfutia machozi.

Mama akaendelea kumenya. "Phu Ruea nilishaiona," akasema.

"Lakini mama, ndiko wewe na baba..."

"Najua mimi na baba yenu wapi. Nilikuwepo." Akagawa vipande vya balungi. "Nataka Umphang."

Damrong aliacha kutafuna. Umphang iko mkoani Tak, mpakani magharibi, mwisho wa barabara yenye kona zaidi ya elfu moja. Wanaokwenda huko hutapika wakienda na hutapika wakirudi.

"Mama, Umphang? Na magoti yako?"

"Magoti yanakaa kwenye kiti. Kwani ndiyo yanayoendesha?"

"Baba mwenyewe hakuwahi kufika kule!"

"Ndiyo maana," mama akasema.

Aliweka kisu chini, akapangusa vidole.

"Baba yenu alikwenda nchi hii yote. Umphang tu alikataa, alisema mitungi ingefika imekuwa unga. Miaka yote yeye ndiye aliyenisimulia, mimi nasikiliza. Na mimi siku nikimkuta huko aliko nataka niwe na la kumwambia. Nikimwambia Phu Ruea, si atanikatiza kila neno? Ninyi mnamjua."

Damrong alicheka kwanza, halafu akainuka akaenda kusimama kwenye ngazi akitupa kisogo. Min akaweka simu kifudifudi. "Bibi, mimi nitakaa na wewe nyuma," akasema. "Nitabeba mifuko ya kutapikia."

"Beba mingi. Baba yako tangu utoto wake ni mtapikaji."

Tulikwenda Januari. Aliyetapika wa kwanza ni Damrong, dereva, tukasimama pembeni mwa korongo huku mama akimpigapiga mgongo na kumwuliza kama anataka kuimba dua. Mama mwenyewe alifuata baadaye kidogo, akasukutua, akasema, "Haya, twendeni," na macho yanang'aa. Kila kona alishika kishikio cha juu ya mlango akatazama chini bondeni bila kupepesa. Tulipofika alishuka, akaomba chai.

Asubuhi yake nilitoka nje ya nyumba ya wageni kumpelekea mama kikombe cha chai. Ukungu ulikuwa umefunika mto, na majogoo wa Wakareni, wenyeji wa milima ile, walikuwa wanawika ng'ambo bila kuonekana. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi, amejifunika blanketi mpaka kidevuni, ananipa mgongo. Nilisikia anazungumza. Nilidhani yuko na mtu, au simu. Hakukuwa na mtu.

"...kona ile ya baada ya kambi ya wakimbizi, Prayong, ungetukana," alikuwa anasema. "Lori lako lisingepita pale. Ngoja nikwambie tangu mwanzo."

Nikarudi ndani polepole na kile kikombe, nikawaambia Damrong na Min wasitoke kwanza. Tukakaa kwenye mkeka. Chai ikapoa, na hakuna aliyelalamika.