Foleni ya Hina na Nakala Yake

Shangazi yangu hupaka hina mtaani Mkomani, na siku mbili kabla ya Idi ya kuchinja nyumba yake hugeuka mahakama. Wanawake hujaa dakani, kwenye viti vya mawe vya mlangoni, kila mmoja akiapa kwamba yeye ndiye aliyefika kwanza. Mwaka ule nilikuwa nimerudi kutoka chuoni Mombasa na kompyuta ya mkononi na majivuno tele. Nikamwambia shangazi, "Niachie mimi. Nitaandika programu."

Nikatengeneza kitu kimoja nikakiita Foleni. Kilijua mambo mawili tu: kumpokea mtu nyuma na kumtoa mtu mbele. Majina yenyewe niliyafungia ndani yake, mtu wa nje asiweze kuyagusa, hata shangazi. Hasa shangazi, maana alikuwa na mashoga wengi wa kuwapendelea.

Asubuhi ile mambo yalikwenda sawa mpaka shangazi akataka kuona orodha nzima, ajue achanganye hina kiasi gani. Foleni yangu haikuwa na pa kuchungulia. Basi nikaiongezea kazi ya tatu: kugeuza foleni kuwa safu, yaani majina yapangwe kwenye vijumba vyenye namba, uyaone yote kwa pamoja na ufikie lolote utakalo. Kwa haraka yangu niliandika hivi: mtoe wa mbele, mtie kwenye safu, rudia mpaka waishe. Safu ikatoka safi kabisa. Nilipobonyeza kumwita anayefuata, kompyuta ikajibu kwamba foleni haina mtu. Na mbele yangu wamekaa wanawake kumi na wanne, wote wananitazama.

"Imesema nini?" shangazi akauliza.

"Inasema umemaliza kazi."

Bahati nzuri safu ilikuwa bado ipo. Nikawarudisha kwenye foleni mmoja mmoja, nikaiandika upya kazi ile: sasa ilipita kwa kila jina bila kumtoa mtu, ikinakili tu. Foleni ikabaki ilivyo, na safu ikawa nakala.

Hapo ndipo shetani aliponipitia. Jirani mmoja mwenye nyumba tatu mtaani alinisogelea na sahani ya halua. "Mwanangu, nisogeze mbee kidogo."

Nikala kipande, nikalihamisha jina lake kwenye safu, nikamgeuzia kioo cha kompyuta. "Tazama, Bi. Wewe wa kwanza."

Sikusema uongo. Kwenye safu alikuwa wa kwanza kweli. Ila shangazi alikuwa akiita kutoka kwenye foleni, na foleni haikuwa na habari. Jirani akarudi kukaa, ametulia tuli. Halafu akaja mwalimu wa madrasa ya wasichana na visheti, na nyuma yake mkwe wa shangazi na mkate wa sinia. Wote niliwafanya wa kwanza. Adhuhuri ilipoadhiniwa nilikuwa nimeshiba.

Kisha akaja kwangu mama mmoja wa Mbwajumali, kijiji cha kisiwa cha pili, aliyekuwa amekaa pembeni na binti yake, bi harusi wa wiki ileile. Hakuniletea kitu. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, "Boti yetu hungoja maji, yakijaa huondoka. Tutawahi?"

Nikaangalia. Binti alikuwa wa tisa. Ningeweza kumpa nafasi ya kwanza kwenye safu kama wale wenzake, lakini nafasi ile isingempandisha kwenye boti. Nikaona haya, kwa mara ya kwanza siku ile.

Nikamwendea shangazi, nikamnong'oneza yote. Hakuinua macho kwenye kiganja alichokuwa akikichora.

"Na visheti vimebaki?"

"Hapana."

"Basi simama uwaambie wenyewe."

Nikasimama dakani, nikawaeleza kwamba safu ni nakala, na kuipangua hakuigusi foleni. Kisha wale wa kwanza watatu wakatazamana.

"Mimi umenambia ni wa kwanda!" alisema jirani.

"Na mimi!" mkwe wa shangazi akadakia.

"Umekula visheti vyangu na mato makavu hivyo!" mwalimu akamaka, akinikazia macho.

Jirani wa halua ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, wengine wakafuata, isipokuwa mwalimu. Nikaitumia nafasi ile kuwaomba bi harusi apite mbele. Mwalimu ndiye aliyekuwa akifuata kwenye foleni ya kweli, kwa hiyo wote walimngoja yeye aseme.

"Apite," akasema hatimaye. "Lakini Jumamosi utakuja madrasani uwafundishe wasichana wangu hiyo safu yako."

Nikaigeuza foleni kuwa safu, nikamweka bi harusi mwanzo. Safari hii nikaimwaga foleni nzima na kuijaza upya kutoka kwenye safu. Nikabonyeza, jina lake likatokea.

Walitoka saa tisa, binti amenyoosha mikono mbele kama anayetembea gizani, mama yake akimshikia buibui. Baadaye yule mama alinipigia simu, akinisimulia huku akicheka. Boti waliikuta imeshafunguliwa kamba. Wanawake waliokuwa ndani walimvuta bi harusi kwa viwiko, asiguse kitu, wakamkalisha juu ya magunia ya unga, na njia nzima walimpepea kwa zamu mpaka hina ikakauka.